Niliuita Kichocho, Mke Wangu Akaamini

Admin, naomba jina langu ulifiche, maana haya sijamwambia mtu yeyote.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na mbili, kwetu ni Singida, shule niliishia darasa la tano. Nina mke na mtoto mmoja. Tangu Januari niko Kyela, upande wa Ikolo, nafanya kibarua kwenye mashamba ya mpunga. Palizi ya huku unaingia kwenye maji ya magotini asubuhi, unatoka jioni, mgongo hata hautaki kunyooka. Tunaishi genge la watu tisa kwenye banda la tajiri mwenye mashamba, na mimi ndiye mgeni peke yangu.

Mwezi wa tatu tajiri alinituma Ngana, karibu na mpaka wa Malawi, na wenzangu wawili kupakia magunia. Mvua ikatukuta huko. Wenzangu walikimbilia kwenye lori, mimi nikajibanza kibandani kwa mama mmoja mfanyabiashara wa maharage aliyekuwa amevuka kutoka Malawi. Alinipa chakula, tukapiga soga, mvua ikakataa kukatika. Sitasingizia pombe, sikunywa. Nilikuwa mpweke na yeye alikuwa mchangamfu, basi. Hatukutumia kinga. Kesho yake alirudi kwao, na namba yake sina.

Siku ya nne nilipokwenda haja ndogo nilisikia moto. Kesho yake nikaona na uchafu kama usaha kwenye nguo ya ndani. Moyoni nilijua. Lakini genge letu lina desturi yake: mtu yeyote anayeumwa akikojoa, ni kichocho, kwa sababu ya maji tunayoshinda ndani yake. Mzee mmoja mwenyeji aliniona nimeshika ukuta wa choo, akawaita wenzake waje kunipa pole. "Mgonile, Singida," akanisalimu kwa Kinyakyusa. "Sasa umekuwa mtu wa Kyela. Huku mtu habatizwi kanisani, anabatizwa jarubani, kwenye maji ya mpunga." Wakacheka, na mimi nikacheka nao. Ule moto ulikuwa umepata jina lisilo na aibu, nikalishika.

Tuna kopo ambalo kila mtu hutupia dawa zilizombakia. Nikameza za kichocho, hazikusaidia kitu. Nikachokoa tena, nikapata vidonge vya rangi mbili, vitatu tu, nikameza vyote. Maumivu yakapungua, uchafu ukakata. Nilimshukuru Mungu nikijua nimepona.

Wiki mbili baadaye mke wangu akaja kutusaidia kupika na kuvuna, mtoto kamwacha kwa bibi yake. Niliondoka nyumbani hatujui kama ana mimba, sasa ina miezi mitano. Tajiri alitupa chumba chetu. Ndugu zangu, mimi ni mume wake na nilikuwa sijamwona muda mrefu. Nilijiona mzima. Tulikutana kimwili mara mbili.

Siku ya tano tangu afike moto ukarudi, safari hii mkali kuliko mwanzo. Nikatoroka kazini nikaenda zahanati. Nesi alinisikiliza habari zangu za kichocho mpaka nikamaliza, akaniuliza taratibu, "Kaka, kichocho gani kinatoa usaha? Umelala na nani?" Nikamweleza yote. Nilipimwa virusi, sina, ila natakiwa kurudi kupima tena. Nikachomwa sindano na kupewa vidonge vya kumaliza vyote. Akaniandikia karatasi nimpe mwenzangu aende nayo kutibiwa, na akanikataza kumgusa kwanza. Nilipomwambia ni mjamzito aliweka kalamu chini. Kisha akasema, "Mlete wiki hii hii. Mtoto naye anaweza kudhurika."

Leo ni siku ya sita tangu nitoke zahanati. Karatasi ninayo kwenye soli ya kiatu. Mke wangu kafika kidato cha nne, ndiye anayenisomea makaratasi yote ya ofisi, hata mkataba wa kibarua nilimtumia picha akanisomea kwa simu. Akiiona hataniuliza inasema nini.

Nilimwambia nina kichocho, ndiyo maana simsogelei. Aliamini. Ananichemshia maji ya kunywa, anawagombeza wenzangu wanaonicheka, juzi alimfuata tajiri akamwomba anitoe kwenye maji anipe kazi ya nchi kavu. Tajiri kakubali. Napewa huruma ambayo si yangu, na kila akinipa najiona nyoka.

Jana ameanza kulalamika tumbo la chini linamchoma. Alikaa kwenye ndoo akifua, akasema, "Baba, nadhani haya maji na mimi yameniingia." Nilikuwa nimeshika kikombe, nikakiweka chini. Nikamjibu apumzike. Neno moja hilo tu ndilo nililoweza, wakati mtoto wangu yuko tumboni mle.

Jumatatu anaanza kliniki ya wajawazito kwenye zahanati ile ile. Nyumbani walimkatalia, wakamwambia aje na mume, na mume alikuwa huku. Kwa hiyo amefurahi kweli kweli, amenifulia shati, amewatangazia wanawake wote wa jirani kwamba safari hii anakwenda na baba. Tutakaa benchi moja, tutapimwa wote wawili, na nesi ni yule yule.

Nimewaza kumwambia nesi anitunzie siri, aseme ni dawa za mimba tu. Nimewaza kupanda gari nirudi Singida, nimwachie karatasi mezani. Nikiwaza hivyo namwona anaisoma peke yake, hana ndugu huku hata mmoja.

Msinitukane sana, nimeshajitukana. Na tumbo lile haliwezi kungoja Jumatatu, najua, kesho asubuhi lazima aende. Ninyi wenye ndoa zilizopita kwenye moto kama huu, hasa akina mama, niambieni: mtu anaanzaje? Nipeni sentensi ya kwanza tu, nyingine nitasema mwenyewe. Yuko nje anapepeta mchele, na nikimwita atakuja.