Vibao vya Bi Herufi Vilivyong'aa Kupita Kiasi

Saa moja asubuhi, kinyozi hajagusa hata kufuli la mlango wake, mwanamke mwenye kilemba na madoa ya rangi ya kijani kwenye visigino yuko juu ya ngazi. Uso wake uko umbali wa shubiri moja tu kutoka kwenye bati. Mkono wa kushoto umeshika fimbo iliyofungwa kitambaa nchani. Wa kulia umeegemea fimbo hiyo, na brashi inashuka taratibu kuumba mguu wa herufi K.

Wakati huo hapumui. Anayepita chini akamsalimu hajibiwi mpaka mguu wa herufi utue.

"Sijambo, mwanangu, habari za kwako?" anaitikia hatimaye, aliyemsalimu akiwa ameshakata kona. Kinyozi, ambaye ndiyo kwanza anafika na funguo zake, anacheka: "Huyo keshafika kazini, mama."

Mtaani wanamwita Bi Herufi. Mume wake naye humwita hivyo hivyo, hasa akiwa na hasira naye. Ana umri wa miaka hamsini na miwili, na kwa miaka ishirini na saba ameandika kwa mkono vibao vya mabucha, saluni, chekechea, mafundi cherehani na wauza vipuri. Ukitaka kujua kama kibao ni kazi yake, usitafute sahihi. Tazama herufi R. Mguu wake umetangulia mbele kidogo, kama mtu anayesubiri chenji yake dukani.

"Fundi hasaini," anasema huku akifuta brashi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. "Ukisaini kibao cha bucha, kesho watu watakuja mlangoni kwako kuulizia maini."

Kazi hii hakuisomea popote. Aliolewa na fundi wa vibao, na mwaka wa kwanza wa ndoa kazi yake ilikuwa kushika ngazi isiteleze. Baadaye akaruhusiwa kujaza rangi ndani ya herufi ambazo mumewe amezichora kwa chaki. Kisha mkono wa mume ukaanza kutetemeka. Ulitetemeka kidogo tu, lakini kwenye kazi hii kidogo ni kingi mno. Hospitali wakasema ni mishipa, na kwamba asitegemee itarudi kama zamani.

"Nilimkuta ameketi chini, brashi imelala mapajani, ubao una nusu ya maneno," anakumbuka. "Na mwenye duka anafungua kesho yake. Nikapanda mimi."

Mumewe, ambaye siku hizi anachanganya rangi na kukagua mistari kwa jicho lisilo na huruma, ana maelezo yake kuhusu jambo hilo. "Mimi ndiye fundi mkuu," anasema. "Huyu ni fundi mwenye kazi."

Kazi yenyewe imepungua. Zamani Bi Herufi aliandika vibao vinne au vitano kwa wiki. Sasa akipata viwili kwa mwezi anashukuru, na kimoja kikubwa kinamlipia kodi ya nusu mwezi. Mashine zinachapa mabango ya plastiki mteja akiwa bado anakunywa chai. Yakipigwa jua mwaka mmoja yanapauka mpaka namba ya simu ya mwenye duka haisomeki, lakini nani anangoja mwaka? Pengo analiziba kwa kupaka kuta za nyumba na kuandika namba kwenye madawati ya shule.

Mwaka jana, binti yake wa mwisho, anayehudumu kwenye duka la dawa, alirudi nyumbani ameishika simu kama aliyeokota hela. Mfuko mmoja unaosaidia wasanii wa Afrika ulikuwa ukitafuta watu kumi na wawili waliofanya sanaa ya mkono kwa zaidi ya miaka ishirini bila kupita chuo chochote. Watakaochaguliwa wangepewa miezi sita katika nchi nyingine, chumba cha kazi, mbao, rangi, nauli na posho, na mwishoni maonyesho yenye majina yao mlangoni.

"Msanii nani?" Bi Herufi aliuliza. "Mimi ni fundi."

"Mama, wameandika kazi za mikono. Wewe mikono huna?"

Nafasi za aina hii zipo nyingi kuliko watu wanavyodhani: za wachoraji, wachongaji, waandishi wa hadithi, wanamuziki. Shida ni njia ya kuwafikia wahusika. Mratibu wa mfuko huo, aliyezungumza na gazeti hili kwa simu, anasema safari hii walipokea maombi mia nane na kumi na tano, na mengi yalitoka kwa watu walewale wanaoomba kila kitu. "Aliye juu ya ngazi hashiki simu," anasema. "Na huyo ndiye tuliyekuwa tunamtafuta."

Fomu ilikuwa na kurasa saba, tena kwa lugha ya kigeni. Binti alisoma akitafsiri, mama akajibu, baba akasahihisha asipoulizwa. Walitakiwa kutuma picha kumi za kazi, na angalau tano ziwe za zaidi ya miaka kumi, ili waamuzi waone mkono ulivyokua.

Hapo ndipo Bi Herufi alipofanya kosa ambalo ni fundi wa vibao tu angeweza kulifanya.

Alizunguka mtaa mzima kuvitazama vibao vyake vya zamani, akaona haya. Cha bucha kilikuwa kimechubuka, cha chekechea kimepauka, na cha fundi cherehani kilikuwa na kutu kwenye pembe. Awatumie wageni wa watu takataka hizi? Si sawa na kwenda harusini na nguo za shambani? Basi akachukua msasa, akachukua rangi, na kwa siku kumi na moja akavipaka upya vyote kumi, herufi kwa herufi, bila kumtoza mtu hata senti. Vilipong'aa, ndipo vikapigwa picha.

"Nilimwambia aviache," anasimulia mumewe. "Nikamwambia kibao cha zamani kina heshima yake. Akaniambia nikoroge rangi." Anachukua kijiti na kukoroga kopo lililo mbele yake. "Nikakoroga."

Baada ya miezi miwili likaja jibu. Jina lake lilikuwa limefika kwenye orodha ya watu thelathini, lakini waamuzi walikuwa na shaka. Picha zote, waliandika, zinaonyesha kazi mpya kabisa. Yeye kaeleza kwamba sita kati ya hizo zina zaidi ya miaka kumi. Walimpa siku tisa alete ushahidi wa miaka hiyo, na ushahidi kwamba mkono ni wake.

"Nguvu ziliniishia," anasema. "Nilijipalia makaa mwenyewe. Ushahidi ulikuwa ukutani miaka yote, nikaufunika kwa brashi yangu."

Kulikuwa na jambo jingine lililomuuma zaidi ya safari. Alihisi ameitwa mwongo, mtu aliyejitwalia kazi za wenzake. Sahihi hana, risiti hana, na mafundi wa rika lake waliobaki ni wa kuhesabu kwa vidole. Mfuko huo hutoa nafasi mara moja kila miaka mitatu. "Mimi magoti yangu hayana miaka mitatu ya ngazi," anasema waziwazi. "Nilijua ni safari hii au basi."

Siku tatu hakugusa brashi. Mume alipika, na waliokula wanasema isirudiwe.

Siku ya nne binti alikuwa akifagia sebuleni. Akainua macho kwenye picha inayoning'inia juu ya kabati tangu yeye akiwa mdogo: siku yake ya kwanza ya chekechea, soksi zimepanda magotini, machozi hayajakauka. Ameiona picha hiyo maisha yake yote, na maisha yake yote ameona soksi na machozi. Safari hii akaona kilichokuwa nyuma yake.

"Mama! Njoo uone! Hiki si kibao chako?"

Kilikuwa chake. Herufi zote zilisomeka, R na mguu wake mbele, na pembeni kamera ya zamani ilikuwa imechapa tarehe kwa rangi ya machungwa.

Bi Herufi alikaa kwenye mkono wa kiti akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza swali ambalo binti yake bado hulirudia kwa furaha: "Kwani wangapi mtaani humu walipigwa picha mlangoni kwa mtu?"

Walikuwa wengi ajabu. Nani hajapiga picha mbele ya duka lake siku ya kulifungua? Nani hajasimama mbele ya saluni akiwa bibi harusi? Bi Herufi mwenyewe aliona aibu kuomba, kwa hiyo mume akavaa koti na kutoka. Alipita mlango kwa mlango, mkono wake unaotetemeka ukiwa mfukoni, akieleza kwamba mama watoto anahitaji picha za zamani. Alipofika mlango wa sita, habari ilikuwa imemtangulia.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na mtaa ule ulitunza. Watu walifunua masanduku. Walivua picha ukutani na kubaki na alama ya mraba kwenye rangi. Mwenye duka la vipuri alileta picha ya pikipiki yake ya kwanza. Kinyozi alileta ya marehemu babake akimnyoa mteja nje, kibao kikiwa juu ya vichwa vyao. Mwalimu wa chekechea alileta madarasa kumi na nne ya watoto, mwaka baada ya mwaka, wote wamepangwa chini ya kibao kimoja, na ukizifuata picha moja moja unaona rangi ikipauka.

Fundi cherehani, mama wa makamo, alileta picha ya mama yake mzazi amesimama mlangoni mwa duka, mwaka mmoja kabla ya kufariki. Hakukubali kuiachia.

"Hii haitoki mkononi mwangu," alisema. "Lakini ipige picha hapa hapa. Mama yangu angekuwepo angekuja mwenyewe kusema."

Mpaka jioni ya siku ya saba, picha arobaini na moja zilikuwa zimetandazwa kwenye mkeka, binti akizipiga kwa simu moja baada ya nyingine. Kila picha ilikuja na barua fupi ya mwenyewe, nyingine zimeandikwa kwenye karatasi ya kufungia nyama.

Ya mwenye bucha ilifika mwisho, maana mkewe aliitafuta siku mbili nzima. Ni picha ya siku ya ufunguzi, miaka ishirini na miwili iliyopita. Umati umejaa, mwenye bucha yuko katikati na shati jeupe, mdomo wazi kwa furaha. Pembeni, karibu ikatike, kuna ngazi. Juu yake mwanamke mwembamba anamalizia herufi ya mwisho, hana habari kama kuna kamera. Chini, mwanamume amekamata ngazi kwa mikono miwili, amembeba mtoto mgongoni.

Binti akajitambua kwenye huo mgongo.

"Ala! Nilikuwa mwembamba hivi?" Bi Herufi alisema, kisha akalia. Hata yeye anakiri kwamba alilia kwa sauti. "Sikujua kama kuna mtu aliwahi kunipiga picha nikiwa kazini. Miaka yote nilidhani wanatazama bucha."

Picha na barua zote zilitumwa siku ya nane, na maelezo mafupi aliyoyasema mwenyewe: alivipaka vibao upya kwa sababu aliona haya, na hakujua kwamba uchakavu una thamani.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Binti alilisoma nyuma ya kaunta ya dawa, akamwachia mteja dawa ya kikohozi mkononi bila maelezo, akakimbia nyumbani na koti lake jeupe. Amechaguliwa. Mratibu anasema uamuzi huo haukuwa na ubishi mezani. "Tumezoea kuletewa barua za maprofesa," anasema. "Huyu alituletea mtaa. Na ile R iko kwenye kila picha."

Siku hiyo kulikuwa na vigelegele mpaka vya watu wasiojua kilichotokea. Mwenye bucha sasa anamwambia kila mteja kwamba msanii wao alianzia kwake, jambo ambalo si kweli, kwa sababu kibao chake kilikuwa cha mwaka wake wa tano kazini. Hakuna anayembishia.

Bi Herufi anaondoka mwezi ujao. Hajawahi kupanda ndege, na mumewe amemweleza kila kitu kuhusu ndege ingawa naye hajawahi kuipanda. Picha arobaini na moja zitakuwa sehemu ya maonyesho, ila ya fundi cherehani itakwenda kama nakala. Akirudi anataka kupata ukuta mmoja wa kufundishia wanawake kazi hii, wale ambao leo wanaambiwa ngazi si mahali pao.

Wenyeji wake wamemuuliza anahitaji mbao za ukubwa gani. Ameagiza sita, kila moja mita mbili kwa tatu. Kisha wakamuuliza ataandika nini, na hapo, kwa mara ya kwanza tangu apande ngazi, alikosa jibu.

"Miaka ishirini na saba naandika maneno ya watu," anasema. "Nyama safi. Tunashona sare. Karibu wote. Hakuna aliyewahi kuniuliza mimi nataka kusema nini, wala mimi sikujiuliza. Mzee kila siku ananiuliza, utaandika nini, utaandika nini."

Anapanda ngazi kurudi kwenye bati la kinyozi, anachovya brashi, anaikung'uta mara mbili kwenye ukingo wa kopo.

"Nimemwambia atulie. Safari hii mteja ni mimi, na sina haraka."