Waya Mrefu wa Tata

Tata, baba yangu, alifunga waya wa shaba kutoka redioni hadi kwenye mti wa mwisho wa kibanja chetu, juu ya migomba yote. Alinifundisha kwamba Dar es Salaam ni mbali mno na kwetu Kanazi. Ukiweka waya mfupi utasikia mikwaruzo tu.

Wakati wa vita jirani yetu alikwenda kwa mgambo, akasema waya mrefu namna ile ni wa kuzungumza na adui. Ule waya ulikuwa wa kupokea tu, lakini nani alitaka kuelezwa? Walimpiga Tata mbele yetu mpaka sikio lake moja likafa.

Miaka ikapita, Tata akafariki, kisha ukaingia ule ugonjwa uliomaliza vijana. Mtoto wa jirani yule akalazwa Mwanza. Mzee mwenyewe akaja kwangu na redio yake kwapani.

“Mwanangu, nikatie waya kidogo, nami nisikilize matangazo ya vifo.”

Nilimkatia kipande kisichozidi urefu wa mkono wangu. Alikipokea kwa mikono miwili.

Siku ya tatu, mchana, jina la mwanawe lilisomwa redioni kwangu, wazi kabisa. Baba aliyeko Kanazi aliombwa afike Mwanza kuzika. Meli ilikuwa inaondoka Bukoba jioni ileile. Nilichungulia nje nikamwona mzee amekaa barazani kwake, redio mapajani, inakwaruza, naye anazungusha kitufe taratibu.

Nikapunguza sauti ya redio yangu.