Pamba Chini ya Beseni

Beseni nililifunika mwenyewe. Mlango niliufunga mwenyewe.

Nilipofunua mchana, juu ya rangi mbichi kulikuwa na kipande cha pamba.

Mara ya sita hiyo, jamani.

Niwaeleze mnielewe. Mume wa shangazi yangu, sote tunamwita Fundi, anatengeneza vigari vya mfano, vile vya kupamba kabati, vinavyoenea kiganjani. Baba alinikabidhi kwake nijifunze kupiga rangi. Siku nitakayotoa kigari kisicho na doa, Fundi atatamka kwamba nimeiva, niende zangu.

Mwaka wa tatu huo. Bado mbichi.

"Kobe," ndivyo alivyoniita, "leo umetuzalia nini?"

Akakiinua kigari dirishani. Akaiona pamba. Basi tena! Nikatukanwa mimi, akatukanwa mama aliyenizaa, hata beseni likatukanwa.

Shangazi yuko jikoni, anachambua maharage.

Na kazi naijua! Bodi ya kigari naisugua kwa msasa laini na maji mpaka inateleza kama sabuni. Sakafu nainyunyizia maji, vumbi lilale. Kopo la rangi nalitia kwenye maji ya uvuguvugu ili rangi itoke nyepesi. Napuliza nikianzia nje ya kigari, napita juu yake, namalizia nje upande wa pili. Nyembamba. Nasubiri. Narudia, mara nne. Kisha nafunika kwa beseni na kutoka, maana hata pumzi yako ni vumbi.

Rangi ikikubali, unajiona humo kama kwenye kioo.

Mimi nilijiona na pamba puani, kama maiti.

Jumatatu akaja mwenye duka la vigari. Anatafuta mtu wa rangi.

"Ijumaa nitarudi," akasema. "Kigari kimoja tu. Kikiwa safi, huyu binti namchukua."

Fundi akacheka mpaka akakohoa. "Kobe huyu? Utaondoka na pamba, bwana."

Nikasema moyoni: kumbe ni wewe! Nani mwingine anafaidika nikioza humu?

Mimi si wa kelele, mimi ni wa kuangalia.

Ijumaa asubuhi nikapuliza vigari viwili. Kimoja chini ya beseni. Cha pili nikakifunika kwa sufuria, uvunguni mwa kitanda changu. Nikaaga naenda dukani, nikazunguka nyuma ya nyumba, jicho kwenye ufa wa dirisha.

Mlango ukafunguka taratibu.

Shangazi.

Shangazi huyuhuyu anayenisuka nywele! Akafunua beseni, akatoa pamba kwenye pindo la nguo, akaidondosha polepole kama anayelaza mtoto.

Nikaingia. "Shangazi, nimekukosea nini?"

Akakaa kwenye kigoda. Hata hakukana.

"Hujanikosea, mwanangu. Matusi haya unayoyasikia, kabla hujaja yalikuwa yangu. Yote. Tangu uje anayamalizia kwako, mimi napumua. Ukiondoka, yanarudi."

Nilikuwa na maneno ya kumchoma. Yakatoka mengine.

"Kigari cha kuonyesha kiko uvunguni kwangu," nikamwambia. Mpaka leo sijui nilimwambia kwa nini.

Akainuka. Akaelekea chumbani kwangu. Akafunga mlango.

Nje nasikia mwenye duka anabisha hodi, Fundi anamkaribisha kwa madaha. Miaka mitatu yangu iko mikononi mwa mtu mwenye pamba.

Shangazi akatoka. Kigari kiko kiganjani, amekishika kwa chini, bila kugusa rangi. Akampita mumewe kama anampita mgeni.

"Kazi ya binti yangu hii," akamwambia mwenye duka.

Yule bwana akakigeuza kwenye mwanga. Huku. Kule. Akajiona uso mzima.

"Jumatatu uanze."

"Nimemfundisha mimi," Fundi akadakia. Aibu hana.

Jioni nikabeba begi langu. "Twende wote, Shangazi," nikamnong'oneza. Akanisukuma mgongoni: "Nenda, kabla sijabadili nia."

Sijafika hata getini, nikasikia sauti ya Fundi ndani:

"Wewe mwanamke! Chai gani hii?"

Siku hizi vigari vyangu vinang'aa, watu wanasifu. Mimi nimepanga chumba cha watu wawili, na kila Jumapili naenda kumwambia Shangazi kwamba kitanda chake kipo. Ananiambia subiri.

Mwenzangu, kabla hujamlaani aliyekufungia mlango, hebu angalia kwanza kama yeye mwenyewe ana ufunguo.