Njia ya Kitunga cha Ndagala

Mama Pétronille aliuza ndagala, dagaa wa ziwani, nyumba kwa nyumba, kitunga kichwani, katika kijiji chetu, kwenye mdomo wa mto Mulongwe, tangu kabla ya uhuru. Kusoma hakujua, lakini mdomo alikuwa nao. Mimi Venant, fundi cherehani, nilikuwa namkimbia, kwa maana akikuuzia samaki alikuuzia na mashauri.

Mwaka wa uasi tulivuka ziwa kwa mitumbwi, tukakimbilia Burundi. Tuliporudi, mwaka wa sitini na sita, hapakuwa na kijiji. Nyumba zetu za udongo zilichomwa, mvua za miaka miwili zikazilainisha, mto ukahama njia, matete yakawa marefu kuliko watu. Chefu akatupa siku moja: kila mtu aonyeshe kiwanja chake mbele ya karani, na jirani ashuhudie. Atakayeshindwa atapelekwa kukaa mbali na ziwa, kwenye mashamba ya mpunga huko Bwegera.

Asubuhi ile tulisimama kama kuku wageni. Kila mmoja alinyoosha kidole, na watatu wakanyooshea mahali pamoja. Kidogo tupigane.

"Munipe kitunga," akasema Mama Pétronille. "Kichwa kikiwa kitupu, miguu yangu haijue njia."

Tukampa. Akakikataa, eti chepesi, tukakijaza mchanga. Akajitwisha, akaanzia ufukweni ilipokuwa inafikia mitumbwi, akitangaza ndagala kwa sauti yake ile ile, na sisi wote nyuma yake, karani na daftari lake akiwa wa mwisho. Naapa sijapata kufurahi vile. Hatua kama arobaini, akasimama.

"Hapa ni kwa Manirakiza. Bibi yake alikuwa ananunuaka vikombe viwili, cha tatu anaiba."

Tukafyeka, tukakuta mawe ya kizingiti. Manirakiza alitazama miguu yake, lakini alikuwa anacheka.

"Hapa ni kwa Nduwimana. Siku ya indépendance mulicheza humu mpaka ukuta ukaanguka."

Nduwimana akacheka hadi akashika tumbo, kwa kuwa ukuta ule aliuegemea yeye na pombe yake ya ndizi. Kwangu mimi, Mama Pétronille aliwaambia watu wote kwamba nilikuwa najificha nyuma ya cherehani nikimsikia anakuja. Niliona haya, ila kiwanja nilikipata.

Saa kumi ilipofika, nyumba zote zilikuwa zimeonekana isipokuwa moja, yake mwenyewe. Akatua kitunga. Kumbe njia yake ilianzia ziwani na kuishia ziwani, na kwake hakupata kuuza hata siku moja. Kutoka na kurudi nyumbani alifuata ukingo wa mto, na mto ulikuwa umehama.

"Miye sijue kwangu," akasema polepole.

Karani akatazama jua. Nilimwonea huruma sana mwanamke yule aliyenitisha miaka yote. Ndipo akatoka kundini Georgette, mke wa katekista, mteja wake mgumu kuliko wote.

"Mama, kila samedi, mwisho wa juma, nilikuwa nakuya kwako kukurudishia ndagala zenye kuoza," akasema. "Hasira yangu inajua njia."

Akashika kiuno, akaanzia kwenye kiwanja chake, akayapasua matete kwa kifua huku akinung'unika malalamiko yake ya zamani. Tulimfuata tukijiziba midomo. Mara akasimama.

"Hapa njo nilikuwa nasimama nikikutukana."

Tukafukua. Mafiga matatu, bado meusi.

Karani akamuuliza kama ana hakika.

"Muntu hasahau mahali aligombana miaka sita," akajibu Georgette, na karani akaandika.

Mama Pétronille alikaa juu ya figa moja, akalia kwa furaha mbele yetu sote bila kujifuta. Kisha akamwita Georgette.

"Ndagala zangu hazikuoza hata siku moja," akamwambia. "Lakini samedi ukuye tena."