Chumvi Kwenye Chupa

Kikundi chetu kilikuwa na nyumba kumi, huku Embu ya chini ambako joto ni kali na mvua haina ahadi. Tulikubaliana kila anayevuna amwage magunia mawili ya mahindi kwenye ghala moja, ili atakayekosa ale kwa wengine. Kupima ukavu niliachiwa mimi, kwa kuwa nilifika kidato cha nne. Unatia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa ya soda, unatikisa. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado yana maji. Niliwarudisha wengi nyumbani wakaanike tena.

Yangu niliyaleta mwisho. Nilikuwa nimeyapima asubuhi, na chumvi ilishika. Lakini mawingu yalikuwa yametanda, nami nilichoka kuanika na kuanua. Fundi aliyeezeka lile ghala alikuwa mlangoni.

"Mzee wa chumvi, na yako nani atapima?"

"Chupa inanijua," nikasema. Watu wakacheka. Nikamwaga.

Msimu uliofuata viwavi walimaliza shamba la mjane mmoja wa kikundi chetu, tukamfungulia ghala. Alichotewa ya juu, karibu na mlango. Yalinuka kidogo. Aliyaosha, akapika githeri. Baada ya siku chache macho yake yakawa ya manjano na tumbo likavimba. Hospitali walisema ni sumu ya ukungu wa mahindi. Tulimzika wiki hiyo hiyo, watoto wake wakiitwa kutoka shule ya bweni.

Kwenye mkutano mtu alisema mabati yalivuja. Wote wakamgeukia fundi.

"Mabati yangu hayavuji," alisema, akinitazama mimi. Nikainama.

Hakuna aliyempa tena kazi ya kuezeka. Akahamia Manyatta, kwa binti yake.

Mwaka huu nilimfuata. Nilimkuta uani akichagua maharagwe, nikamweleza yote. Hakuinua uso.

"Nilipanda juu ya lile ghala mara tatu, nikitafuta tundu," alisema. "Mwishowe nikawa naliona."

Nikamwomba anisamehe. Akatupa kijiwe kando.

"Ghala bado lipo?"

"Lipo. Hakuna anayeweka kitu."

"Na watoto wa yule mama, umewaambia?"

Watoto wale ni watu wazima sasa. Kila wakivuna huniletea mahindi yao niwapimie. Huniita baba, na hungoja wamesimama huku nikitikisa chupa.

"Bado," nikasema.