Kibao cha Ijumaa

Enzi zetu Kiingereza hakikuja na katuni. Watoto wa leo wanakinywa pamoja na uji, halafu wanatucheka ndimi zetu zinavyojikwaa kwenye r na l. Wacheke tu. Sisi tulitoka shule ya msingi na sentensi mbili tatu za kuimba. Darasa zima linapaza sauti, "I am going to the door," na mmoja wetu anatembea kweli mpaka mlangoni. Akishagusa komeo, somo limeeleweka. Kwa miaka mingi niliamini Waingereza hawana kazi nyingine duniani zaidi ya kufungua na kufunga milango.

Kidato cha kwanza tukakuta masomo yote ni kwa lugha hiyo hiyo. Nje, Mwanza ilikuwa imefunguka: viwanda vya minofu, mitumba kila kona, vibanda vya video, kila kitu ruksa. Kisichokuwa ruksa ni Kiswahili ndani ya uzio wa shule yetu ya kutwa pale Kirumba. Ukiteleza neno moja unavishwa kibao, kipande cha mbao chenye kamba ya katani, kimeandikwa kwa rangi nyekundu kwamba wewe ni mjinga. Unakaa nacho shingoni mpaka umnase mwingine anaongea Kiswahili, ndipo unamvisha yeye. Ukiongeza neno huku umekivaa, viboko vinaongezeka. Ukiwa nacho shingoni hutoki getini mpaka paredi ya jioni, hata iweje, na atakayekutwa nacho paredi ya Ijumaa ataosha vyoo wiki nzima. Basi tukajifunza kunyamaza, na walimu wakajisifu kwamba shule ina nidhamu. Nidhamu gani! Tulikuwa tunawindana.

Rafiki yangu alikuwa Kabula. Tulikaa dawati moja. Mama yake alinunua mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki kiwandani minofu ikishaondoka, akayakaanga na kuyauza sokoni Mwaloni. Jioni tulipita kwake akatupa vichwa vya moto na ugali wa muhogo, tukala mpaka vidole vinanata, huku tunaulizana sahani inaitwaje, moto unaitwaje, kijiko je. Mama anacheka: "Haya wazungu wangu, mmeshiba?" Kabula alilelewa na bibi yake kule Sengerema hadi darasa la nne, na kila likizo alivuka ziwa kwenda kwake. Alimpenda yule bibi kuliko mtu yeyote.

Ijumaa moja kibao kilikuwa changu tangu saa nne. Nilizunguka shule nzima nikitafuta wa kumvisha, watu wananikimbia kama nina ukoma. Saa nane mchana mama yake Kabula akaingia getini, khanga kiunoni, ametoka moja kwa moja kwenye karai lake la mafuta. Kabula alimkimbilia, akapiga magoti kama alivyofundwa, akasema, "Shikamoo mama." Angesema nini kingine? Ampungie mama yake mkono? Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshafika nyuma yake. Nikamvisha.

Mama hakujua kile ni kitu gani. Alisema, "Inuka twende. Bibi yako hali mbaya, anakutaja wewe tu. Tukiwahi kivuko cha saa tisa tutamkuta."

Kabula akamtazama mwalimu wa zamu, amesimama barazani na fimbo yake. Kisha akanitazama mimi. Nilielewa vizuri sana. Ilitosha niseme neno moja la Kiswahili, lolote lile, anirudishie kibao, aende zake. Mama mwenyewe alinigeukia: "Mwanangu, mbona mmenyamaza? Mna nini leo?" Mwanamke aliyenilisha mwaka mzima, na sikumpa hata shikamoo. Nilitazama viatu vyangu. Nilikuwa naogopa vyoo. Vyoo tu, jamani!

Alisubiri. Akatutazama mmoja mmoja, akanusa viganja vyake, akaivuta khanga vizuri. "Haya," akasema taratibu. "Nimewaaibisha mbele ya wenzenu." Akaondoka peke yake.

Kabula alivuka Jumamosi asubuhi, akakuta wanawake wanalia uani. Aliporudi alihamia dawati la nyuma. Nilimwandikia barua ya kuomba msamaha, na ujinga wangu nikaiandika kwa Kiingereza, kamusi pembeni, nikidhani ndiyo heshima. Aliirudisha bila kuifungua. Tukamaliza kidato cha nne hatujasemeshana.

Leo hakuna anayevishwa kibao nyumbani kwangu Buswelu, na Kiswahili chenyewe wanangu wanakiongea kwa kuombwa. Mgeni akija nawaambia waamkie, wanapunga mkono bila kutoa macho kwenye simu. Nikifoka, wananiambia mama umepitwa na wakati. Ni kweli nimepitwa. Lakini hawa angalau hawajui thamani ya neno wanalolinyima. Mimi nilikuwa naijua.

Mwaka jana mama yake Kabula alifariki. Nilikwenda msibani, nikavua viatu, nikapita katikati ya wanawake waliokaa kwenye mikeka mpaka alipokaa Kabula. Nikapiga magoti. Nikamwambia pole dada yangu, pole sana, nilimpenda mama, na siku ile nilikosa, nisamehe. Nilikuwa nalia. Yeye hakulia. Alikuwa anaongea Kisukuma na wale wanawake, akakatisha, akanipa mkono.

"Thank you for coming," akasema, kisha akamgeukia aliyekuwa nyuma yangu.