Nilivyonyweshwa juisi ya ukwaju kwenye glasi ya miaka mia nne, Houston

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, wadogo marahaba hata kama hamjaniamkia. Haya yamenikuta mwenyewe na mke wangu ni shahidi. Asiyeamini apite, sitamkimbiza.

Mwaka 1978, nikiwa na miaka kumi, baba alifariki Singida, na shule yangu ikaishia darasa la tatu. Nimebeba magunia, nimebeba matofali. Nikafika Dallas, nikaanzia mtaa wa Vickery Meadow, kubeba makochi ya watu.

Leo nina kampuni ya kuhamisha watu, makazi Mansfield, pembeni ya Dallas. Na sijawahi kuvunja kitu cha mtu. Wenye degree leteni CV zenu hapa tupimane.

Tuingie kwenye mada.

Kuna bibi wa kizungu, mjane, alikuwa anahama Dallas kwenda kukaa karibu na binti yake Houston. Tukapakia vitanda, makochi, vitabu. Mwisho akatoa kisanduku cha mbao. Ndani glasi moja.

Wakuu, hiyo glasi!

Ndefu, nyembamba kama ganda la kitunguu. Imechorwa kwa ncha ya almasi, mbwa wanamfukuza paa kuizunguka glasi nzima na hawamfikii. Ukingoni dhahabu. Bibi akasema ina zaidi ya miaka mia nne. Ni mtindo wa Venice, kule Italia, ila haikutengenezwa Venice. Mafundi wa kule walikatazwa kuondoka na ujuzi wao, wakatoroka, wakafanyia kazi nchi nyingine za Ulaya.

Wazamiaji kama sisi tu. Nikaipenda hapo hapo.

Akanipa sharti moja: isioshwe. Dhahabu yake haikuchomwa motoni, imebandikwa juu juu, ikisuguliwa inatoka. Nikamjibu, "Mama, mimi nabeba, sioshi vyombo." Akacheka, akatangulia kwa ndege.

Mke wangu, Mama Neema, akakataa kisanduku kikae nyuma na makochi. Akakifunga kwenye khanga yake mpya, akakipakata njia nzima kama mtoto mchanga. Nikigusa brake ananikata jicho.

Sasa hapa ndipo tulipokosea Kitanzania kabisa.

Mdogo wake, shemeji Upendo, anakaa Gulfton, mtaa wa huko huko Houston. Utafikaje Houston usimsalimie, na ameshapika? Utasemwa mpaka kwenye group la ukoo. Nikasema tule kwanza, mzigo baadaye.

Parking ya pale siiamini, kwa hiyo Mama Neema akashuka na kisanduku, mimi nikabaki natafuta pa kuegesha truck. Upendo akampokea mzigo mlangoni, kama mgeni yeyote anavyopokewa kwetu. Dada yake akakimbilia chooni, safari ilikuwa ndefu.

Fikirieni wenyewe. Mgeni kaja na kisanduku kizuri, kimefungwa kwenye khanga mpya. Mngeelewaje?

Naingia, nakalishwa kochi kubwa. Upendo anapiga goti na trei. Juu yake glasi ya bibi, juisi ya ukwaju imefika kwenye pembe za paa.

Nikasema asante. Mimi, ninayembishia mchungaji kanisani!

"Kunywa shemeji," Upendo akasema. "Nimekufungulia zawadi uliyoniletea mwenyewe."

Mama Neema katoka chooni, kaona, kakaa chini sakafuni.

Kuiweka mezani hatari, watoto wa Upendo wanakimbizana. Nikaishika kwa mikono miwili, nikainywa yote. Tamu, sikatai. Kisha nikauliza kwa upole ambao mke wangu hajawahi kuusikia, "Umeiosha?"

"Kwa nje nilianza kuisugua, nikaacha. Shemeji, nikwambie ukweli, wamekupiga. Hiyo dhahabu feki, ona ilivyobaki kwenye kidole changu. Nikasuuza ndani tu."

Kidole gumba kweli kinang'aa.

Kumnyang'anya mwenyeji zawadi sebuleni kwake ni kuzito kuliko piano. Nikamweleza kavu kavu, ndivyo nilivyo.

"Yaani," akasema, "siku shemeji amekumbuka kuniletea kitu, kumbe ni cha mzungu." Akacheka mpaka akaegemea ukuta. Mama Neema huku analia, huku anacheka.

Tukaiacha ikauke yenyewe, tukairudisha kisandukuni. Njiani Mama Neema akashauri tunyamaze. Nikakataa. Jina lililoandikwa ubavuni mwa truck ni langu.

Nikamwambia bibi yote, kwa Kiingereza changu cha kubeba makochi. Akaipeleka dirishani, akaizungusha polepole. Ukingoni kweli dhahabu imekatika, kipande cha kidole gumba. Nikajua sasa anamwita lawyer.

Akanisogezea nione pengo jingine. "Hili la mume wangu, siku ya harusi yetu." Akaonyesha na mengine. "Haya ya watu nisiowajua." Akaniuliza jina la shemeji, akalirudia taratibu.

"Sasa na Upendo yumo," akasema. Halafu akauliza ukwaju ni nini.

Tumempelekea chupa nzima. Kainywa kwenye kikombe cha karatasi.

Nilichojifunza: mzigo wa mtu ushushe kwanza, pilau utaikuta. Na ukifika mlangoni na kifurushi, sema ni cha nani kabla hujavua viatu.

Waliowahi kupokewa mzigo usio wa zawadi, waje hapa tuwasikie.

Ninavyomiliki leo: nyumba Mansfield, truck tatu, shamba la alizeti Singida, mke mmoja. Glasi za nyumbani: plastiki.